Chambo Hai Chaweza Kuwa Zao la Shamba Lako

Somo la mwezi huu ni juu ya visamaki vya chambo. Huenda ukauliza, "Mimi nalima Juja, chambo chanihusu nini?" Soma kwanza, kisha uamue.

Wavuvi wengi wa Ziwa Viktoria humvua sangara, ambaye kule Kisumu huitwa mbuta, kwa mshipi mrefu wenye ndoana nyingi. Kila ndoana yataka kisamaki kilicho hai, maana sangara huvutwa na kitu kinachochezacheza. Kisamaki kinachopendwa sana ni kifaranga cha kambare, kwa kuwa ana roho ngumu. Kambare huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo hustahimili safari ndani ya maji machache, na akitiwa ndoanani hakawii kucheza.

Kwa nini chambo ni haba?

Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 fulu, wale samaki wadogo waliokuwa wengi mno, walikuwa wamepungua sana. Basi watafutaji wa chambo huingia vinamasini na mitoni na kuchota vifaranga vya kambare kwa nyavu za macho madogo. Vinamasi ndiko kambare anakotaga wakati wa mvua, majani yakiwa yamefunikwa na maji. Anayechota vifaranga vyote leo, mwakani hatapata chambo wala kambare wa kula. Usiige kazi hiyo katika mito ya Ruiru, Thika au Ndarugu.

Njia bora ni kuwafuga. Huko Marekani, katika jimbo la Arkansas, wako wakulima ambao kazi yao hasa ni kufuga visamaki vya chambo katika mabwawa na kuwauzia wavuvi wa majimbo mengine. Kwao ni zao kama mazao mengine.

Kabla ya kuchimba

Tafuta mnunuzi kwanza. Kutoka Juja hadi Kisumu ni safari ya kilomita zaidi ya 350, na mvuvi hataki chambo kilichokufa. Afadhali wakulima watano wapatane na mnunuzi mmoja na kujaza gari moja, kuliko kila mtu kwenda peke yake na ndoo yake. Mnunuzi akikosekana, usihuzunike: vifaranga hivyo hivyo vyaweza kuuzwa kwa majirani wenye mabwawa, au kukuzwa hadi kuwa samaki wa kula.

Muulize pia afisa wa uvuvi wa kaunti juu ya ruhusa, hasa ukitaka kuchepusha maji ya mto.

Jinsi ya kulea

1. Udongo. Udongo mweusi wa Juja hushika maji vizuri, lakini ukikauka hupasuka. Usiache bwawa tupu wakati wa jua kali.

2. Mbegu. Nunua vifaranga kwa mzalishaji anayejulikana. Liko shamba la samaki la Sagana, lililoanzishwa mwaka 1948, kwenye njia ya kutoka Thika kwenda Nyeri. Huko waweza kupata ushauri. Kumtagisha kambare kwa sindano ni kazi ya fundi, usianze nayo.

3. Maji. Tia samadi kidogo ili maji yawe ya kijani na kuota vijidudu ambavyo ni chakula cha vifaranga. Lakini usijaze bwawa majuma mengi kabla ya kutia samaki, maana vyura na wadudu wa majini watatangulia kuingia, nao hula vifaranga.

4. Ulinzi. Tandaza wavu juu ili kuzuia mnandi na mdiria. Zungushia mabati mafupi, kwa sababu kambare hutambaa nje usiku wa mvua.

5. Chakula. Saga omena pamoja na pumba, uwape kidogo kidogo asubuhi na jioni. Chakula kinachobaki huchafua maji.

6. Kuchambua. Hapa ndipo wengi hupata hasara. Vifaranga vya kambare hulana. Mmoja akimpita mwenzake kwa ukubwa, humla, na akimla huzidi kukua na kula wengine. Kila juma watoe kwa wavu laini, watenge wakubwa na wadogo. Fanya hesabu: ukinunua vifaranga 1,000 na kuvuna 250, kila kimoja kimekugharimu bei ya vinne. Waliopotea hawakufa kwa ugonjwa. Wamo tumboni mwa wenzao.

7. Majira. Kambare hupenda maji ya joto. Miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa na baridi hapa kwetu, na ukuaji hupungua sana. Panga kulea wakati wa joto.

Safari

Usiwalishe siku moja kabla ya safari, ili wasichafue maji. Wavune alfajiri, wasafirishe usiku au wakati wa ubaridi. Wasibanane chomboni, na chombo kisifungwe kabisa, ila ikiwa ni mfuko uliotiwa oksijeni. Wakati wote waepushe na jua. Waliokufa waondoe mara moja.

Ndugu Mkulima, anza na bwawa moja dogo. Andika daftarini umetia wangapi na umevuna wangapi. Daftari hilo ndilo litakalokuambia kama uchimbe la pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mvuvi wa sangara hupenda kifaranga cha kambare?
2. Ni hasara gani hupatikana vifaranga vyote vikichotwa vinamasini?
3. Kwa nini ni lazima kuchambua kila juma?
4. Je, umekwisha kumpata mnunuzi? Kama bado, jembe lingoje.