Saratani na Kuyumba kwa Kromosomu: Yanayorithiwa na Yatokayo Katika Mazingira



Katika nyumba nyingi neno saratani hutamkwa kwa sauti ya chini. Wengine huiona kuwa laana ya ukoo. Wengine hujiona salama kwa kuwa hakuna jamaa yao aliyewahi kuugua. Dhana zote mbili si sahihi, na zote huwachelewesha watu kufika kwa daktari.

Kromosomu ni nini?

Ndani ya karibu kila seli ya mwili zimo kromosomu 46, yaani jozi 23: nusu zatoka kwa mama na nusu kwa baba. Zimebeba jeni, ambazo ni maagizo ya ujenzi na utendaji wa mwili. Kila seli inapogawanyika, hulazimika kunakili maagizo hayo yote na kuyagawa sawasawa. Makosa hutokea kila siku, lakini mwili una jeni za ulinzi: baadhi hukarabati palipokatika, nyingine huizuia seli yenye hitilafu isiendelee kugawanyika.

Ulinzi huo ukiharibika, seli huendelea kugawanyika huku kromosomu zikikatika, zikiungana pasipo pake, zikipungua au kuzidi. Hali hiyo huitwa kuyumba kwa kromosomu. Huonekana katika saratani nyingi, nayo huusaidia uvimbe kubadilika na kuzikwepa dawa.

Funzo kutoka Kampala

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliwaona watoto waliovimba mataya. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, ambao leo waitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali baada ya hospitali. Akabaini kwamba uvimbe huo ulienea katika nchi za joto na mvua, penye malaria nyingi. Mwaka 1964 watafiti wa London waliona virusi ndani ya seli za uvimbe huo, vikaitwa Epstein-Barr. Baadaye ikajulikana kwamba kromosomu ya 8 hukatika na kuungana na nyingine, mara nyingi ya 14, na jeni iitwayo MYC ikabaki ikiiamuru seli igawanyike bila kikomo.

Watoto wale hawakuirithi hitilafu hiyo. Ilitokea ndani ya seli zao baada ya kuzaliwa, nayo maambukizi ya virusi na malaria ya mara kwa mara yaliiandalia njia. Haikuwa laana ya mtu yeyote.

Yanayorithiwa

Katika kila saratani 100, takriban 5 hadi 10 hutokana na hitilafu nzito ya kurithi. Mfano ni jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo kazi yake ni kukarabati kromosomu zilizokatika. Hitilafu yake huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, na yaweza kurithiwa kwa baba vilevile kama kwa mama. Anayeirithi amerithi hatari. Si lazima augue.

Yatokayo katika mazingira

Moshi wa tumbaku, pombe, miali mikali ya jua na mionzi huharibu maagizo ya seli. Vumbi la asbesto, lililomo katika majengo mengi ya zamani ya Ubelgiji, ni hatari kwa wanaofanya kazi za ukarabati. Virusi vya HPV huzima jeni za ulinzi katika shingo ya kizazi.

Hatua za kuchukua hapa Brussels

- *Matiti:* wanawake wa miaka 50 hadi 69, picha ya uchunguzi kila miaka 2.
- *Utumbo mpana:* wanawake na wanaume wa miaka 50 hadi 74, kipimo cha choo kila miaka 2. Kifaa hutolewa katika duka la dawa.
- *Shingo ya kizazi:* miaka 25 hadi 29, kila miaka 3. Miaka 30 hadi 64, kila miaka 5.
- *Chanjo ya HPV:* hutolewa shuleni kwa wasichana na wavulana mwanzoni mwa sekondari. Karatasi ya idhini ikifika nyumbani, isomeni na kuitia sahihi.
- *Asiye na hati za ukaazi* aweza kuomba msaada wa haraka wa matibabu kupitia CPAS (OCMW) ya manispaa anamoishi.

Waulizeni wazee

Daktari wa Brussels hana faili la bibi yako. Habari hizo zimo vinywani mwa wazee, pengine Bukavu, Kigoma au Mombasa. Wapigieni simu, muwaulize kwa heshima: nani aliugua, kiungo gani, akiwa na umri gani? Ulizeni upande wa baba na wa mama. Yaandikeni majibu, mkampelekee daktari wa familia. Ikiwa jamaa kadhaa waliugua saratani ya namna moja, au mmoja aliugua kabla ya miaka 50, daktari aweza kuwaelekeza kwenye kituo cha jenetiki au kuanza uchunguzi mapema zaidi.

Ukihitaji mkalimani, mwombe unapopanga miadi. Swali la leo kwa mzee laweza kumwokoa binti wa kesho.