Damu Inaporudi Kwenye Ini

Wana-baiolojia wenzangu, na ninyi wa Historia msikimbie. Utapangiwa field Nachingwea au Ruangwa, utafundisha mzunguko wa damu, na kuna mwanafunzi atauliza: "Mwalimu, ini likiharibika linabadilishwa?"

Linabadilishwa. Thomas Starzl alijaribu mara ya kwanza Denver, Marekani, mwaka 1963, na akafanikiwa 1967. Hapa kwetu Muhimbili walianza kupandikiza figo 2017.

Wengi tunadhani hatari yote iko kwenye kisu. Kuna hatari nyingine: pale damu inaporudi.

Chukua mfano wa korongo Ruangwa mvua ya kwanza inaponyesha. Lilikauka miezi mingi, kwa hiyo maji yanashuka na vumbi, majani na mabibo yaliyooza. Ini jipya nalo limehifadhiwa kwenye baridi bila damu. Seli zimekosa oksijeni, asidi imejaa, potasiamu imevuja. Kibanio cha mshipa kikifunguliwa, vyote hivyo, pamoja na ule ubaridi, vinasombwa hadi moyoni. Mapigo yanapungua, mishipa inalegea, presha inashuka. Ikishuka kwa zaidi ya 30% kwa dakika nzima, ndani ya dakika 5 za kwanza, hali hiyo inaitwa sindromu ya kurudi kwa damu.

Wakati huohuo walinzi wa ini, seli za Kupffer, wanashtuka. Wanamwaga kemikali za kuita seli nyeupe. Hiyo ndiyo inflamesheni, ulinzi uleule unaovimbisha kidonda. Ukizidi, unaumiza ini lenyewe, hata figo na mapafu. Ndiyo maana ini huoshwa kwanza, na daktari wa usingizi anakaa na adrenalini na kalsiamu mkononi.

Sasa tuje kwetu. Ini huharibiwa na hepatitisi B, pombe na sumukuvu. Nachingwea ina historia ya karanga tangu mradi wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, na sumukuvu hupenda karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Ikikutana na hepatitisi B, hatari ya saratani ya ini inapanda sana.

Kwa hiyo mwalimu, usiishie kwenye mchoro ubaoni. Waambie wakaushe karanga juu ya turubai, zenye ukungu wazitupe. Na wewe, chanjo ya hepatitisi B kwa watoto ilianza 2002. Kama ulizaliwa kabla, kapime, kisha uchanjwe. Boom likiingia, anza na hilo kabla ya bia.