Kuwatoa Watoto Matembezini Dar es Salaam

SWALI: Nakaa ghorofani Kariakoo na wanangu wawili, wa miaka minne na minane. Kila Jumapili niwapelekapo pwani twarejea na vilio. Nifanyeje?

JIBU: Bibi mpendwa, kosa nadhani si la watoto bali ni la saa, kwani atokaye nyumbani adhuhuri, jua likiwa la utosi, akafika Oyster Bay maji yanakaribia kujaa, hana budi kukutana na vilio. Tazama mwezi kwanza: uandamapo, na uwapo mpevu, pamoja na siku mbili tatu zifuatazo, huwa ni bamvua, ambapo katika mwambao wetu huu maji hupwa mno yapata saa nne asubuhi, tofauti ya kupwa na kujaa ikizidi mita 3, na miamba hubaki na vidimbwi vyenye kaa na viti vya pweza, ambavyo mtoto aweza kuvitazama saa nzima asikumbuke hata aiskrimu. Wavishe viatu, maana miamba ina makali. Na kiti cha pweza kiachwe majini kilimo. Maji yaanzapo kurudi, nanyi rudini.

Jumapili ya maji mafu, yasiyopwa sana, pandeni kivuko cha Magogoni hadi Kigamboni, safari ya dakika chache ambayo kwa mtoto (na kwangu mimi pia, nakiri) ni sawa na kwenda Bombay, au mketi kivulini katika Bustani ya Mimea, iliyoasisiwa na Wajerumani mwaka 1893.