MEZA YA BWANA SIYO DAWA YA BAHATI

Kijana wa Wazo! Wengine husema, "Nikinywa kile kikombe mikosi itanitoka, nitapata kibarua." Hapana, ndugu yangu. Meza ya Bwana siyo hirizi.

Usiku ule wa kusalitiwa, wakati wa Pasaka, Yesu aliwapa wanafunzi wake mkate na kikombe, ukumbusho wa mwili na damu yake (Luka 22:19-20).

Yapata mwaka 55 B.K., Paulo aliwakemea Wakorintho. Kwa nini? Wenye nacho walitangulia kula, wengine wakalewa, na maskini wakabaki na njaa (1 Kor. 11:20-22)!

Ndiyo maana kila mtu ajihoji kwanza. Je, umemdhulumu mwenzako ujira wake? Mmenuniana na mama yako mzazi? Nenda mkapatane. Mezani pale, mkubwa wa kiwanda cha saruji na kibarua wa kokoto humega mkate mmoja.

Lakini usianzie kwenye kikombe. Anza na Yesu mwenyewe. Tubu, ubatizwe, halafu karibu mezani. Anakungoja. Utamjibu nini leo?