TIYO ZA SHABA NA TIYO ZA PLASTIKI: MAJI YA MTOTO WAKO



Wengi kati yenu mnakaa katika nyumba za matofari za zamani, zile zilizojengwa mbele ya uhuru wa 1960 au nyuma yake kidogo. Ndani ya kuta zake kunapita tiyo za maji. Pengine ni za chuma, pengine ni za shaba. Siku hizi tiyo hizi zimechoka. Zinatoboka, zinavuja, na wezi nao wanazipenda, kwa sababu shaba inauzwa vizuri. Basi fundi anakuja, anasema: «Mama, tutoe hizi zote, tutie mpira.» Anataka kusema tiyo ya plastiki inayokunjika, ile inayouzwa dukani ikiwa imezungushwa kama nyoka aliyelala.

Kisha mama anafika kwenye kilinike na mtoto mgongoni, anauliza: «Muganga, hii plastiki haitaleta ugonjwa? Na ile shaba, tumekunywa maji yake miaka yote, ilikuwa sumu?» Ni maulizo mazuri. Fundi anajua kuunga tiyo. Lakini maji yanayotoka, ni wewe unayeyatia katika kinywa cha mtoto. Unapashwa kujua mambo machache mbele ya kumlipa.

Shaba na risasi

Shaba yenyewe si adui. Mwili unaihitaji kidogo, na chakula chetu kinatupa ile ya kutosha. Ubaya unaanza wakati maji yanalala ndani ya tiyo usiku mzima, zaidi sana kama ni maji yenye ukali wa asidi. Maji hayo yanakula shaba polepole. Utaona alama ya rangi ya kijani au buluu chini ya robine, na maji ya asubuhi yanaacha ladha ya chuma mdomoni. Shirika la Afya Duniani (OMS) limeweka mpaka wa miligramu 2 za shaba katika litre moja ya maji. Ikipita sana mpaka huo, mtu anasikia kichefuchefu, tumbo linauma, anatapika.

Lakini jambo linalotutia wasiwasi sisi wauguzi si shaba. Ni risasi, madini yale mazito. Mafundi wa zamani waliunga tiyo za shaba kwa lehemu iliyochanganywa na risasi. Kule Marekani waliikataza kwa maji ya kunywa mwaka 1986, lakini nyumba nyingi duniani zilikwisha kujengwa. Tena si ajabu: kwa Kifaransa fundi wa maji anaitwa plombier, na jina hilo linatoka kwa plomb, maana yake risasi, kwa sababu hapo zamani tiyo zenyewe zilitengenezwa kwa risasi.

Kwa risasi OMS imeweka mpaka mdogo mara 200 kuliko ule wa shaba, ni kusema miligramu 0,01 katika litre moja. Na hata chini ya mpaka huo hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mwili wa mtoto mdogo unanyonya risasi mara 4 mpaka 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Inaharibu akili yake inayokua na kupunguza damu yake, na kwa mama mwenye mimba inapita mpaka kwa mtoto tumboni. Mtoto hatalia, hatakuwa na homa. Utamwona tu darasani, hashiki masomo kama wenzake. Wala risasi haina rangi wala ladha ndani ya maji.

Hapo mama mwingine atasema: «Basi nichemushe sana.» Hapana. Kuchemusha kunaua vijidudu, na uendelee kufanya vile. Lakini risasi haifi. Maji yanapungua katika sufuria, risasi inabaki pale pale.

Wakati unangojea fundi

Usikimbie kwenye mto juu ya kuogopa tiyo! Kipindupindu kinaua mtoto kwa siku moja. Kule Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba maji ya bomba yakikatika siku nzima, wagonjwa wanaofikiriwa kuwa na kipindupindu wanaongezeka sana katika siku 12 zinazofuata. Tiyo mbaya bado ni afazali kuliko ziwa.

Fanya hivi. Asubuhi, fungua robine na uache yale maji yaliyolala yatoke mpaka uyasikie mkononi yamekuwa baridi zaidi. Usiyatupe. Yakamate kwa ndoo, yatasafisha sakafu, yataosha nguo. Baadaye jaza bidoni ya kunywa na ya kupika. Kama nyumba ina mashine ya kupasha maji, usikamate maji yake ya moto kwa kupika uji, kwa sababu maji ya moto yanakula madini ya tiyo zaidi. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi 6, mpe ziwa lako tu. Hahitaji maji hata kidogo, na ndani ya ziwa hakuna tiyo ya mtu.

Kuchagua plastiki

Plastiki si kitu kimoja. Ile iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa imeandikwa hivyo juu yake, na nyingi ni nyeusi zenye mstari wa buluu. Soma maandiko. Kama huwezi kusoma, ita mtoto wa shule asome mbele ya fundi, bila haya. Mpira wa kumwagilia bustani haufai kabisa, hata kama bei yake inafurahisha, kwa sababu unaweza kuachia ndani ya maji vitu visivyopaswa kunywewa. Polietilini ya kawaida ni ya maji ya baridi. Kwa maji ya moto kuna aina nyingine iliyokazwa zaidi, mafundi wanaiita PEX, na hiyo haipendi jua: ikiachwa nje inakauka na kupasuka. Kwa hiyo isipite juu ya ukuta wa nje ikiwa wazi.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawasemi. Mafuta ya gari yanaweza kupenya ukuta wa tiyo ya plastiki, hata kama haina tundu. Shaba haiachi hayo yapite. Ukiuza petroli katika bidoni mlangoni, au kama shimo la garaji liko karibu na parsele yako, plastiki isipite pale. Maji yakianza kunuka petroli, acha kuyanywa mara moja, na usifikiri kuyachemusha kutasaidia.

Angalia tena kama fundi anatoa shaba yote. Wengine wanabadilisha kipande kinachoonekana, wanaacha kile cha ndani ya ukuta pamoja na lehemu yake, na kufunga robine ileile ya zamani. Robine za shaba ya njano nazo zinaweza kuwa na risasi. Kama feza haitoshi kwa nyumba nzima, anza na njia inayokwenda jikoni. Bafu inaweza kungoja.

Tiyo inayonyonya

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watoto wengi wanapougulia, iwe shaba iwe plastiki. Maji ya mjini yanakatika. Yakikatika, tiyo inabaki tupu, na maji yaliyobaki yakishuka kuelekea pahali pa chini, tiyo inavuta. Inanyonya kama mtoto kwenye ziwa. Kama kuna tundu dogo au maungio yasiyokazwa, na tiyo hiyo inapita katika mfereji wa maji machafu, inanyonya yale machafu. Maji yakirudi, yanakuja nayo mpaka kwenye kikombe.

Kwa hiyo maungio yana kazi kuliko tiyo yenyewe. Faida kubwa ya ile inayokunjika ni hii: inazunguka kona bila kukatwa, hivyo maungio yanakuwa machache. Mwambie fundi asifukie udongo siku ileile. Kwanza robine zote zifungwe, maji yafunguliwe, ninyi wawili mtembee kando ya mfereji na kuangalia kila maungio kwa macho na kwa mkono. Kama una kontere, iangalie: robine zimefungwa na bado inazunguka? Kuna mahali panavuja. Na tiyo isipitishwe karibu na choo wala ndani ya mfereji wa machafu, hata kama njia ile ni fupi.

Kuiosha mbele ya kunywa

Tiyo mpya imevutwa sokoni, imelala kwenye vumbi, panya ameipitia. Acha maji yapite kwa nguvu kwanza. Kisha kamata javeli isiyo na manukato. Ikiwa imeandikwa 5%, tia vijiko vidogo 4 katika bidoni ya litre 20. Ikiwa ni 2,6%, tia vijiko 8. Tiyo yenye upana wa milimita 16 ndani inashika litre 1 katika metre 5, basi bidoni moja inatosha kwa nyumba ya kawaida na inabaki. Fundi ataijaza tiyo na maji hayo, atafunga, mtaacha saa 24. Siku hiyo funga kila robine kwa kitambaa ili watoto wasinywe. Kesho yake acha maji yapite mpaka harufu kali iishe. Hapo tu ndipo unajaza bidoni ya nyumba.

Umeme

Mambo ya umeme si kazi yetu ya kilinike, lakini tunapokea waliochomwa. Katika nyumba za zamani, waya wa ardhi wa umeme mara nyingi ulifungwa kwenye tiyo ya maji ya chuma au shaba. Ukiitoa tiyo ile, ukatia plastiki, waya hauna tena pa kwenda, kwa sababu plastiki haipitishi umeme. Friji au pasi ikiharibika, anayeigusa na mikono ya maji anaweza kufa. Uliza fundi wa umeme aje kuangalia mbele ya shaba kutolewa, na atie chuma kingine cha ardhi.

Vipande vya plastiki vinavyobaki visitiwe katika mbabula pamoja na makala. Moshi wake ni mbaya kwa kifua cha mtoto. Shaba ya zamani unaweza kuiuza, lakini asikubali mtu kuyeyusha lehemu yake katika sufuria ya nyumbani, wala watoto wasichezee vipande vile.