Mkonge wa Korogwe: Mashamba Makubwa, Ukoo Mdogo

Ukipita Korogwe kwa basi, au ukikata kuelekea Handeni, unakutana na mistari ya mkonge. Macho yanakuambia mimea ni mingi. Mtu wa vinasaba anauliza swali jingine: je, ni mimea mingapi iliyo tofauti?

Turudi 1893. Dk. Richard Hindorf aliagiza vitoto vya mkonge 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika hai pwani ya Tanga ni 62 tu, na hapo ndipo zao letu lilipoanzia. Tena mkonge haupandwi kwa mbegu. Unapandwa kwa maotea ya shinani au vitoto vya kwenye mlingoti, na kila kimoja ni nakala ya mama yake. Ekari ziliongezeka, ukoo ukabaki uleule.

Watafiti wa Amani walitafuta damu mpya. Walichukua Agave amaniensis, yenye majani marefu yasiyo na miiba pembeni, wakaichavusha na Agave angustifolia, yenye majani mengi. Mtoto wao akachavushwa tena na amaniensis, ikapatikana chotara namba 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani kama 200 hadi 250 maisha yake yote. Chotara hii hupita 600. Nani angeikataa?

Tatizo ni kwamba tuliipenda mno. Nayo inazalishwa kwa nakala, na inashambuliwa na ugonjwa wa madoa ya majani uliopewa jina la Korogwe. Huko China, wanakoilima kwa wingi, imepigwa na ugonjwa wa milia. Ugonjwa ukishapata njia ya kuuingia mmea mmoja, umepata ufunguo wa shamba zima.

Hapa wengi wetu tunachanganya mambo mawili. Maabara ya kuzalisha miche kwenye chupa inaongeza idadi, haiongezi aina. Kuongeza aina ni kuchavusha, kuotesha watoto wengi, kuchagua, kutupa na kuanza upya. Mtafiti wa soya anapata mbegu kila msimu. Wa mkonge anasubiri miaka mingi mmea utoe mlingoti, mara moja tu, kisha ufe. Mizunguko mitatu, anastaafu!

Ndiyo maana ndugu wa mkonge watunzwe, hata wale wasio na singa za kuuza. Bila amaniensis kuwepo pale Amani, 11648 isingezaliwa. Wewe unayehangaika na mada ya utafiti, kazi hii bado inahitaji watu.