Somo: Kuaibishana kwa Simu

Ndugu zetu Waislamu, heshima ya mtu ni haramu kuivunja kama zilivyo haramu damu yake na mali yake, hayo aliyabainisha Mtume (S.A.W.) katika hotuba yake ya kuaga. Na sura ya Hujurat, aya ya 11, imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Wala makatazo hayo si ya ulimi peke yake: kidole kiandikacho katika simu hukumu yake ni ile ile.

Tuchukue mfano wa kijana wa Pap Onditi, huko Nyakach katika Kaunti ya Kisumu, asomaye shule ya bweni. Shule nyingi haziwaruhusu wanafunzi kuwa na simu, basi ugomvi wa darasani hungoja likizo. Likizo ikifika, mmoja hutia picha ya mwenziwe katika kundi la WhatsApp pamoja na maneno ya kumcheka. Zamani mwenye kuchekwa akifika kwao alipumzika. Leo kicheko humfuata hata kitandani, na aliyeko Mombasa hukiona saa ile ile.

Ni nani mwenye dhambi hapa? Si aliyeanza tu. Mwenye kuipeleka mbele ameshiriki, na mwenye kucheka amemtia nguvu. Picha isiyopelekwa hufa mahali pake.

Ewe kijana uliyefanyiwa hayo, kwanza usijibu kwa matusi, kwani hilo ndilo alitakalo. Pili, usifute: hifadhi picha ya maandishi yale pamoja na jina, namba na tarehe, iwe ushahidi. Tatu, mfungie njia asikufikie. Nne, mwambie mtu mzima umwaminiye, au piga simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto bila malipo.

Enyi wazazi, mtoto akiwaletea khabari hii, msianze kwa kumnyang'anya simu wala kumlaumu. Wako wanyamazao kwa kuikhofu adhabu hiyo, na mwenye kunyamaza huumia peke yake hata akaichukia nafsi yake. Msikilizeni kwanza. Jambo likizidi, mwendeeni mwalimu, kisha polisi. Kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta, kifungu cha 27, imeweka faini isiyozidi shilingi milioni 20, au jela isiyozidi miaka 10, au yote mawili.

Na mwanao akiwa ndiye muudhi, usimtetee. Mwamuru aiondoe picha, awaambie aliowapelekea waifute, kisha amwombe radhi mwenziwe. Kwani toba ya haki ya mwanadamu haitimii ila kwa kumrudishia haki yake.